Mchezo wa shule unaogusa siasa: huzuiwa vipi, na mlezi wa drama ajipange vipi kabla ya tamasha?

MleziDrama aliuliza:

Hamjambo wanajukwaa. Swali langu ni kuhusu tamasha la kitaifa la drama na filamu la shule na vyuo hapa Kenya. Klabu ya drama shuleni ina mchezo unaohusu ufalme wa kubuni. Mtawala anaongeza kodi kila uchao, hospitali hazina dawa, na vijana wa ufalme wanaamua kumwomba hesabu. Hakuna chama kinachotajwa, hakuna kabila, hakuna kiongozi wa kweli. Hata hivyo, baada ya yaliyoupata mchezo wa Echoes of War wa Butere Girls mwaka 2025, mwalimu mkuu na bodi wana wasiwasi, na wanafunzi wanauliza kama watafika jukwaani.

Naomba majibu ya vitendo kutoka kwa waandishi, waamuzi, mawakili na walimu wenzangu. Mkono wa siasa huingia katika hatua zipi hasa, kuanzia kanda hadi taifa? Kwenye hati turekebishe nini, na kipi tusikubali kukiondoa? Tukizuiwa zikiwa zimebaki siku chache, tunaanzia wapi? Wanafunzi tunawalindaje? Tena kuna upande wa pili ambao hauzungumzwi sana: mbunge aliyesaidia shule kupata basi anataka ngoma ya ubunifu imtaje kwa jina.

---

KalamuYaJukwaa alijibu:

Mwalimu, ni nadra sana kupata barua inayosema mchezo umekatazwa kwa sababu unamkosoa mkubwa. Utaambiwa hati ilichelewa kuwasilishwa, au mwelekezi si mwalimu, au muda ulipitishwa, au mchezo hauendani na mada ya mwaka, au nafasi za mkoa zimejaa. Siasa huja imevaa kanuni. Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kuhakikisha kanuni zote mmezitimiza na mna ushahidi wa kuzitimiza, ili anayetaka kuwazuia alazimike kusema sababu yake halisi.

Mbinu hii ni ya zamani. Novemba 1977 mchezo wa wanakijiji wa Kamiriithu, Limuru, ulikomeshwa kwa kufutiwa leseni tu, na mwaka 1982 ukumbi wao wa wazi ukabomolewa. Mwaka 2013 Shackles of Doom, mchezo mwingine wa Butere Girls, uliondolewa kwenye mashindano ya kitaifa kwa madai kwamba ungechochea chuki ya kikabila, ukarudishwa kwa amri ya Mahakama Kuu. Mwaka 2025 Echoes of War pia ulizuiwa, ukarudishwa na mahakama. Lakini mwandishi wake, Cleophas Malala, alikamatwa na polisi Nakuru usiku wa kuamkia onyesho. Tarehe 10 Aprili wasichana wale waliimba wimbo wa taifa wakashuka jukwaani, wakilalamika kwamba hawana hadhira, hawana mitambo ya sauti na mwelekezi wao hayupo. Nje polisi walikuwa wakitupa vitoa machozi.

Linganisha miaka hiyo miwili. Mwaka 2013 kizuizi kilikuwa uamuzi wa waandalizi, na mahakama iliweza kuufuta. Mwaka 2025 uamuzi ulikuwa umeshafutwa, kizuizi kikahamia kwenye vitu vinavyouzunguka mchezo: nani anaingia ukumbini, nani anawasha spika, nani anakaa na wanafunzi kabla ya pazia kufunguliwa. Mlezi anayejiandaa kwa barua peke yake atakuwa amejiandaa nusu.

Kuhusu hatua: kwenye kanda na kaunti ndogo shinikizo liko ndani ya shule. Mwalimu mkuu ni mtumishi wa umma, mlezi yuko chini ya Tume ya Huduma kwa Walimu (TSC), na neno "uhamisho" halihitaji kuandikwa popote ili lifanye kazi. Simu moja inatosha. Michezo mingi hufia hapa, kabla umma haujajua kwamba ilikuwepo, na hakuna wa kushtakiwa kwa sababu hakuna aliyeamua chochote kwa maandishi. Kwenye kaunti kinachoguswa ni ratiba: unapangiwa saa ambayo ukumbi hauna watu, au unahamishwa dakika za mwisho. Kwenye mkoa kinachoguswa ni orodha ya wanaoenda taifa. Mchezo unasifiwa na waamuzi, kisha jina halionekani kwenye orodha. Hapo ndipo unapohitaji karatasi za alama mkononi, maana maneno ya sifa hayawezi kuambatishwa kwenye malalamiko.

Sasa hati. Fumbo lisifumbuliwe na aliyelifumba. Kama umejenga ufalme wa kubuni, ubaki wa kubuni hadi mwisho. Mhusika mmoja akitamka "Finance Bill" au "Singapore", maneno yanayovuma katika siasa za Kenya, au akitaja jina la utani la kiongozi, ufalme umebomoka na mchezo wote utasomwa kama hotuba ya kampeni. Pitia vifaa na maleba kwa jicho hilohilo. Wilbaro jukwaani hapa Kenya si kifaa cha mjengo tena, na chungwa si tunda tena. Vyote viwili ni alama za vyama. Kama tukio linahitaji kubeba mchanga, tumia karai au ndoo. Rangi za maleba ya mtawala na za waasi zisifanane na za chama chochote.

Lafudhi ndiyo hatari kubwa zaidi, na ndiyo inayosahaulika zaidi. Drama ya shule imezoea kuchekesha kwa lafudhi za makabila. Mwizi wa hazina akizungumza kwa lafudhi ya jamii fulani, hata kama mwanafunzi alijitungia mwenyewe mazoezini, umempa mpinzani wako hoja ya uchochezi wa kikabila bure. Mpe tabia ya kuchekesha kwa mwendo, kwa pumzi, kwa namna anavyokaa kitini. Lafudhi iondoke kabisa kwa wahusika wote wabaya.

Kisha angalia mwito. Maneno "amkeni, tuwaondoe" yanayotamkwa mwigizaji akiwa ameukabili umati yana uzito tofauti na maneno yaleyale akiwa amewakabili wahusika wenzake. Mgeuze. Nusu mzunguko wa mwili unarudisha maneno ndani ya hadithi, na kisanaa tukio linapata nguvu zaidi kwa sababu watazamaji wanakuwa mashahidi badala ya kuhubiriwa.

Mwandikie mtawala hoja nzuri. Asiwe mjinga wa kupigwa mawe. Aeleze kwa nini kodi inahitajika, deni lilitoka wapi, nani alimtangulia. Mchezo ambao pande zote mbili zina akili hauwezi kuitwa uchochezi kirahisi, na waamuzi huutuza kwa sababu mgogoro wake ni wa kweli.

Usichokubali kukiondoa: swali lenyewe. Ukiambiwa kodi itoke, hospitali itoke na vijana wasiombe hesabu, ujue hakuna mchezo uliobaki. Usikubali pia mwisho wa kubandikwa, ule wa mtawala kutubu ghafla na wote kucheza ngoma. Wanafunzi wanajua ni uongo, na uigizaji wao hulegea dakika hiyohiyo.

---

MezaYaWaamuzi alijibu:

Nakubaliana na Kalamu. Niongeze mambo ya kiufundi, maana hayo ndiyo hutumika kama kisingizio.

*Muda.* Upimeni mchezo mara tatu kwa saa ya kupimia, mara moja kati ya hizo mbele ya hadhira ya shule nzima. Vicheko na makofi huongeza dakika ambazo mazoezi ya darasani hayaonyeshi, na mchezo wa kejeli huongezeka zaidi ya ule wa huzuni. Bakisheni dakika 3 hadi 4 chini ya kikomo kilichoandikwa kwenye kanuni za mwaka huo. Hesabuni pia kupanga na kuondoa mandhari, kwa sababu kuna waandalizi wanaoanza kuhesabu pazia likiwa bado limefungwa.

*Hati.* Ikishawasilishwa, ifungeni. Kila ukurasa uwe na nambari, tarehe na sahihi fupi ya mlezi. Pelekeni nakala za waamuzi pamoja na moja ya ziada ambayo itagongwa mhuri wa kupokelewa na kurudi nanyi. Hiyo ya mhuri ndiyo mali yenu. Ikiwa mnabadilisha hati kati ya kaunti na mkoa, wasilisheni upya na mpate mhuri mpya.

*Kuchomekea maneno.* Hapa ndipo michezo mizuri hujiharibia. Mwanafunzi anapata kicheko kwa kuchomekea kauli iliyovuma mtandaoni wiki hiyo, ngazi inayofuata anaongeza nyingine, na ikifika mkoa mchezo unaochezwa si ule ulioidhinishwa. Mwandalizi anayetafuta sababu atashika hati kwa mkono mmoja na video kwa mkono wa pili, na kwa hilo atakuwa na haki. Mwekeni mwanafunzi mmoja mwenye hati kila zoezi, kazi yake iwe kuandika kila neno lililoongezwa. Jioni mlezi anaamua: liingie rasmi kwenye hati au lisisikike tena.

*Maoni ya waamuzi.* Waamuzi wakitoa maoni hadharani, andikeni neno kwa neno. Mwamuzi anapima uigizaji, uelekezaji, hati, sauti, matumizi ya jukwaa, maleba. Hakuna kisanduku cha alama kwa ajili ya kukubaliana na serikali. Akisema mchezo ni "mkali kwa wanafunzi", muulizeni kwa heshima ni kipengele gani cha alama kilichoathirika na kwa alama ngapi. Swali hilo linarudisha mazungumzo kwenye sanaa. Likikosa jibu, nalo limeandikwa.

*Toleo tupu.* Tayarisheni namna ya kuucheza mchezo wote bila spika, bila taa maalumu na bila mandhari makubwa. Ngoma na sauti za waigizaji zichukue nafasi ya muziki uliorekodiwa. Fanyeni zoezi moja kamili la namna hiyo kila wiki mbili. Faili za sauti ziwe kwenye diski mbili zinazobebwa na watu wawili tofauti.

*Daftari la jukwaa.* Kila ishara iandikwe: nani anaingia upande gani, kwa neno lipi, taa ipi, sauti ipi. Walimu wawili zaidi ya mwelekezi wawe wameshaliendesha onyesho zima kwa kutumia daftari hilo. Mwelekezi akizuiliwa langoni, mchezo usimsubiri.

---

WakiliWaMaslahi alijibu:

Upande wa sheria. Katiba ya 2010, kifungu cha 33, inalinda uhuru wa kujieleza na inataja waziwazi ubunifu wa kisanaa. Mipaka iliyomo ndani ya kifungu hicho ni propaganda ya vita, uchochezi wa ghasia, kauli za chuki na kuhamasisha chuki ya kikabila au ubaguzi, pamoja na kuheshimu haki na sifa za wengine. Kukosoa sera hakumo. Kumkasirisha mtu mkubwa hakumo. Kizuizi kingine chochote lazima kipite mtihani wa kifungu cha 24: kiwe kimewekwa na sheria, kiwe cha busara na kiweze kutetewa katika jamii ya kidemokrasia. Maagizo ya simu kutoka kwa afisa hayafiki hata mlangoni pa mtihani huo.

Katika kesi ya 2013 Jaji David Majanja aliamuru mchezo ule uigizwe. Katika uamuzi wake alisema hakushawishika kwamba Kenya ni demokrasia dhaifu kiasi kwamba msingi wake hauwezi kuhimili mchezo wa wanafunzi wa sekondari. Taja uamuzi huo katika barua yako ya kwanza kabisa, kabla ya kesi yoyote. Maafisa wengi hurudi nyuma wakiona kwamba upande wa pili unaufahamu.

Mkizuiwa, fuateni mpangilio huu bila kupoteza saa.

Saa chache za kwanza: ombeni uamuzi na sababu zake kwa maandishi, mkitaja kifungu cha 47 cha Katiba na Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015. Wakikataa kuandika, andikeni ninyi. Barua fupi ya kuthibitisha: leo saa fulani, afisa mwenye cheo fulani, alitueleza kwamba mchezo hautaendelea kwa sababu fulani, tafadhali turekebisheni kama tumeelewa vibaya. Itumeni kwa baruapepe na nakala ya mkono yenye mhuri. Ukimya wao baada ya hapo ni ushahidi.

Msipoteze muda na ombi la taarifa chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya 2016 kama njia kuu. Muda wake wa kujibu ni siku 21, na tamasha litakuwa limekwisha.

Siku hiyohiyo, rufaa kwa kamati ya tamasha kwa utaratibu uliomo kwenye kanuni zao, hata kama mna hakika itakataliwa. Mahakama huuliza kama mlijaribu njia za ndani.

Kisha ombi la kikatiba katika Mahakama Kuu chini ya kifungu cha 22, likiambatana na cheti cha dharura (hati inayoomba shauri lisikilizwe haraka) na ombi la amri za muda chini ya kifungu cha 23. Watoto hawashtaki kwa jina lao wenyewe. Mzazi au mtu mwingine mzima anaweza kufungua kwa niaba yao, na mtu anayetetea maslahi ya umma anaweza pia. Kifungu cha 22(3) kinasema hakuna ada ya kufungua shauri la aina hii, na kwamba mahakama inaweza kupokea ombi hata kwa hati zisizo rasmi. Viambatisho: hati yenye mhuri, karatasi za alama, orodha ya ngazi mlizopita, ile barua ya kuthibitisha, kanuni za tamasha, ratiba.

Hapa naomba mwalimu asome polepole. Amri isemayo tu "waruhusiwe kuigiza" ni nyembamba. Ombeni kila kitu kwa jina: kuigiza katika ratiba ya kawaida ya kundi lao, mbele ya hadhira ileile wanayopewa wengine, wakitumia mitambo ya sauti na taa ileile, wakiwa na walimu na mwelekezi wao, pamoja na waamuzi kutoa alama na maoni. Ombeni pia kwamba wanafunzi na walimu wasiadhibiwe kwa kushiriki. Kisichoombwa hakimo kwenye amri, na kisichomo kwenye amri ndicho kitakachochukuliwa.

Amri ikitoka, nakala zilizothibitishwa zipelekwe kwa wahusika wote kwa mkono: kamati, mkurugenzi wa elimu, mwalimu mkuu wa shule mwenyeji na mkuu wa kituo cha polisi cha eneo hilo. Anayepeleka aandike saa na jina la aliyepokea.

---

ChakiNaPazia alijibu:

Nina hoja moja kuhusu waandishi wa nje. Katika sakata la 2025 Wizara ya Elimu ilisisitiza kwamba Malala si mwalimu, na ikahoji alikuwa na shughuli gani na wanafunzi. Yeye pia alikuwa seneta wa zamani wa Kakamega na katibu mkuu wa zamani wa chama tawala. Ushauri wangu: mwandishi wa nje auze hati kwa mkataba wa ukurasa mmoja, kisha asionekane mazoezini. Uelekezaji wote ubaki kwa walimu. Mwandishi mwanasiasa ni bango, na wanafunzi wanakaa chini ya bango hilo bila kulichagua.

WakiliWaMaslahi: Kisheria utambulisho wa mwandishi haufuti haki ya wanafunzi. Kifungu cha 33 ni cha kila mtu. Tukikubali kwamba jina la mwandishi linatosha kuuondoa mchezo, kesho itasemwa vivyo hivyo kuhusu mwalimu aliyewahi kugombea udiwani.

ChakiNaPazia: Sijasema mchezo uondolewe, wakili. Nasema mlezi achague vita atakavyopigana. Hati iliyoandikwa na walimu pamoja na wanafunzi, yenye rasimu zote zilizotunzwa kwa tarehe, inaondoa hoja nzima ya "nani yuko nyuma yao". Na kuna faida nyingine: mwanafunzi aliyeshiriki kuandika anaweza kueleza kwa maneno yake kwa nini mhusika wake anasema anachosema. Mwandishi wa habari au afisa akimuuliza, hatakuwa kasuku.

KalamuYaJukwaa: Hapo nipo na Chaki, ingawa uchungu wangu ni kwamba shule ndogo hazina walimu wenye ujuzi wa kuandika mchezo. Kama lazima mje na mtu wa nje, mkataba useme mambo manne: hakimiliki ni ya nani, nani ana neno la mwisho kuhusu mabadiliko, yeye hatatoa taarifa kwa vyombo vya habari kwa niaba ya wanafunzi, na malipo yake hayategemei ushindi. La tatu ndilo huvunjwa mapema.

---

NasahaShuleni alijibu:

Ninyi nyote mmesema vizuri kuhusu mchezo. Sasa watoto wenyewe. Wengi wao wana miaka 15 hadi 17, na mjadala ukishika moto watu wazima wa pande zote watawatumia. Serikali itawaita waliopotoshwa, upinzani utawaita mashujaa, na hakuna atakayekaa nao usiku wakilia.

Idhini ya wazazi iwe ya maandishi na iseme ukweli: mchezo unahusu nini, unaweza kuleta mjadala, mtoto anaweza kujitoa wakati wowote bila adhabu. Idhini ya kupiga picha na video iwe karatasi tofauti. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kuchakata data za mtoto, na sura ya mtoto mtandaoni haifutiki. Majina kamili yasiwekwe kwenye video mnazosambaza wenyewe.

Kila mhusika mkuu awe na mbadala aliyefanya mazoezi kweli. Mbadala anafanya "naogopa, sitaki" iwe sentensi ambayo mwanafunzi anaweza kuitamka bila kuhisi amewaangusha wenzake 30.

Safarini: orodha yenye nambari za simu za wazazi kwenye karatasi, si kwenye simu ya mwalimu mmoja, kwa sababu simu hiyo inaweza kuchukuliwa. Walimu wawili wanalala jengo moja na wanafunzi. Mgeni yeyote, awe mwanasiasa, mwanahabari au afisa wa usalama, haonani na wanafunzi bila mlezi kuwepo. Wenye pumu wabebe dawa zao za kuvuta mifukoni, wasiziache kwenye basi. Vitoa machozi vikitupwa, ondokeni mkielekea upande upepo unakotoka, msisugue macho, osheni uso kwa maji safi mengi. Mkubaliane mapema mahali pa kukutana, na mwanafunzi mmoja ahesabu kila kundi la watu 8.

Mwanafunzi akihojiwa na polisi, mwalimu asimamishe mahojiano hadi mzazi au wakili afike. Katiba, kifungu cha 53, inasema mtoto hazuiliwi isipokuwa kama hatua ya mwisho kabisa, kwa muda mfupi iwezekanavyo, mbali na watu wazima.

Uamuzi wa kuigiza au kutoigiza ukumbi ukiwa mtupu uzungumzwe shuleni kabla ya safari, wakiwa watulivu. Waulizeni: tukikuta hakuna hadhira, mnataka nini? Tukikuta mwelekezi hayupo? Jibu liwe lao, liandikwe, na mlezi aliheshimu. Asiwageuze siku hiyo kwa sababu kamera zimefika.

Baada ya kurudi, kikao cha ushauri nasaha ndani ya siku 3, kisha kingine baada ya wiki mbili. Angalieni wanaoacha kula, wanaokosa usingizi, na wale wanaofuatilia maoni ya watu mtandaoni usiku kucha. Hao wa mwisho husahaulika kwa sababu wanaonekana wana furaha.

---

MleziDrama:

Nashukuru sana. Nitaanza na lafudhi na kile kipengele cha kugeuza mwili, maana mhusika wetu wa mwisho anawakabili watazamaji kabisa. Bado sijapata jibu la mbunge na ngoma. Na jambo lingine: tukishinda, wanafunzi hualikwa kuigiza mbele ya Rais. Huko hali inakuwaje?

---

ChakiNaPazia:

Kuhusu mbunge: sifa ni uingiliaji uleule, tofauti ni kwamba unakuja na tabasamu. Mwambieni hivi, kwa barua ya mwalimu mkuu na si ya mlezi peke yake. Kwanza, shule inamshukuru, na shukrani zitasomwa na mwenyekiti wa bodi siku ya wazazi. Pili, kazi ya mashindano hupimwa kwa ubunifu, na jina la mfadhili ndani ya ngoma huipunguzia hadhi mbele ya waamuzi. Tatu, Sheria ya Uongozi na Uadilifu ya 2012 inamkataza mwalimu kuendeleza maslahi ya chama akiwa kazini. Kama basi lilinunuliwa kwa fedha za NG-CDF (mfuko wa serikali wa maendeleo ya maeneo bunge), hizo ni fedha za umma, hakuna deni la kulipwa kwa wimbo. Usiiseme hoja hii ya mwisho kwenye barua. Ijueni tu, ili msiingie kwenye mazungumzo mkiwa wanyonge.

Wala msikubali suluhu ya katikati ya kutaja "kiongozi wetu mpendwa" bila jina. Wakazi wote wanajua ni nani, na mpinzani wake akishinda uchaguzi ujao, ngoma hiyo itaikumbusha ofisi yake kila mara shule itakapoomba darasa.

MezaYaWaamuzi:

Kuhusu onyesho la Rais: kazi hupitiwa tena na mara nyingi hufupishwa, kwa kuwa muda ni mdogo na kazi ni nyingi. Kufupishwa si lazima kuwe hila. Tayarisheni wenyewe toleo fupi mapema, lenye mgogoro kamili na hoja za pande zote mbili, la robo hadi theluthi ya urefu wa asili. Anayeletewa toleo fupi lililokamilika hukata kidogo. Anayeletewa mchezo mzima huchagua mwenyewe cha kutoa, na atatoa uti wa mgongo. Mkiambiwa mtoe mstari fulani, ulizeni kama tatizo ni muda au maudhui. Kama ni muda, mnaweza kutoa mstari mwingine wenye sekunde sawa. Kama ni maudhui, warudieni wanafunzi muwaulize kabla ya kujibu.

KalamuYaJukwaa:

Kuhusu yule mhusika wa mwisho, Mwalimu: mjaribuni akiwa amemkabili mtawala, hatua mbili kutoka kitini, sauti ya chini. Mtawala awe ndiye anayewatazama watu. Wekeni zoezi hilo mbele ya wanafunzi wapya ambao hawajauona mchezo, kisha waulizeni mtawala alikuwa akifikiria nini. Wakitoa majibu matatu tofauti, tukio limekaa sawa. Wakitaja jina la mtu halisi, rudini kwenye maleba na vifaa mtafute kilichowaelekeza huko.